Mwanza hadi Toronto: saa 14, saa 24 au saa 31?

*"Habari mtaalamu. Mama yetu ana miaka 67, anakaa Igoma, hajawahi kupanda ndege. Mdogo wangu yuko Toronto, mkewe amejifungua, wametuma tiketi Mama aende Julai akamwone mjukuu. Niliingia mtandaoni nikaandika Mwanza na Toronto, ikaniletea kilomita kama 12,000 na muda wa saa 14. Kwenye tiketi anaondoka Mwanza Jumanne 14:30, anafika Dar 15:55 na kuondoka 23:30, anafika Amsterdam Jumatano 07:45 na kuondoka 12:15, halafu Toronto anafika Jumatano hiyo hiyo 14:25. Nikihesabu napata saa 24. Wakala anasema ni saa 31. Nimwamini nani? Na kama ni saa 14, hizo nyingine zimekwenda wapi? Tunazungushwa ili tulipe zaidi? Jirani yetu anasema ndege za kwenda magharibi huwahi kwa sababu dunia inazunguka na kuja kuipokea ndege. Tena ule mstari wa mtandaoni umepinda kama upinde, unapita Morocco, wakati kwenye ramani Canada iko kushoto tu. Mama anameza dawa ya presha kila siku saa mbili usiku, na akikaa sana miguu inavimba. Safari hii anaiweza, au tutafute nyingine?"*

Ndugu yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi: wakala wako hajakudanganya. Safari ya Mama ni saa 31 kasoro dakika tano. Tovuti nayo haijadanganya, ila imejibu swali ambalo hukuliuliza. Hesabu iliyokosewa ni hiyo yako ya saa 24, na usijilaumu, kwa sababu tiketi yenyewe imeandikwa kwa namna inayomtega kila msafiri wa mara ya kwanza.

Kila saa inayoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali ndege ilipo wakati huo. 14:30 ya Mwanza ni saa ya Tanzania. 07:45 ni saa ya Amsterdam. 14:25 ya mwisho ni saa ya Toronto. Ukichukua ya mwisho ukatoa ya kwanza, unakuwa umetoa saa ya nchi moja kwenye saa ya nchi nyingine, na jibu halitakuwa muda wa safari. Mwezi wa Julai Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa moja, na Toronto iko nyuma yetu kwa saa saba. Kwa hiyo ndege ikigusa ardhi Toronto saa nane na dakika 25 mchana, wewe hapo Igoma ni saa tatu na dakika 25 usiku wa Jumatano. Sasa hesabu kwa saa ya nyumbani peke yake: kuanzia Jumanne saa nane na nusu mchana hadi Jumatano saa tatu na dakika 25 usiku. Unaona zinatoka saa 30 na dakika 55.

Fanya hivyo hivyo kwa kila kipande. Mwanza hadi Dar hakuna utata, saa ni zile zile: saa moja na dakika 25. Dar hadi Amsterdam, kutoka 23:30 hadi 07:45, jicho linaona saa nane na robo. Ongeza ile saa moja, inakuwa saa tisa na robo. Kipande cha mwisho ndicho kinachochekesha. Kutoka 12:15 hadi 14:25 ni saa mbili na dakika kumi tu, utadhani Canada ni jirani wa Uholanzi. Kati ya Amsterdam na Toronto kuna tofauti ya saa sita, kwa hiyo Mama atakaa hewani saa nane na dakika kumi. Jumla ya kukaa ndani ya ndege ni saa 18 na dakika 50. Zilizobaki, saa 12 na dakika tano, ni za kusubiri: saa saba na dakika 35 Dar, saa nne na nusu Amsterdam.

Hapo hapo niseme jambo dogo ambalo limewaachisha watu ndege. Sisi siku yetu tunaianza alfajiri, tiketi inaianza saa sita ya usiku. Ndege ya Mama inaondoka Dar 23:30, kwa hiyo bado ni Jumanne kwa hesabu zote. Lakini shirika likibadilisha ratiba na kuisogeza hadi 00:30, tiketi itaandikwa Jumatano, na mtu atajiandaa kwa utulivu kwenda uwanjani Jumatano jioni wakati ndege imeshaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Ukiona saa inayoanza na 00, 01 au 02, jiulize mara mbili ni usiku wa kuamkia lini.

Sasa zile saa 14. Tovuti za namna hiyo hufanya hesabu moja nyepesi: hupima umbali mfupi kabisa juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili, kisha huugawa kwa mwendo wa kawaida wa ndege ya abiria, kama kilomita 850 kwa saa. Kutoka uwanja wa Mwanza hadi uwanja mkubwa wa Toronto ni kilomita 11,990 hivi. Gawanya, unapata saa 14 na kitu. Hesabu ni sahihi, lakini hakuna ndege inayoruka hivyo. Tena siyo kwamba haiwezekani kwa umbali. Ndege ya Singapore kwenda New York huruka zaidi ya kilomita 15,000 bila kutua na hukaa hewani zaidi ya saa 18. Kinachokosekana Mwanza ni abiria. Ndege kubwa ya masafa hayo inataka watu mia mbili na zaidi, wote wanaokwenda Toronto siku hiyo hiyo, na wengine wa kuijaza wakati wa kurudi. Mashirika yanachofanya ni kuwakusanya wa Mwanza, wa Dodoma, wa Zanzibar na wa Dar pamoja, wakawapeleka kituo kimoja kikubwa, na kule wakawagawa upya.

Kuhusu ule mstari uliopinda, haujapinda. Ramani ndiyo iliyopinda. Chukua mpira wa watoto hapo nyumbani, chora kwa peni mstari wa ikweta kuuzunguka katikati. Weka alama ya Mwanza chini kidogo tu ya huo mstari. Zunguka kuelekea kushoto zaidi kidogo ya robo ya mpira, kisha panda juu karibu nusu ya njia ya kwenda ncha ya kaskazini, weka alama ya Toronto. Shika uzi, bana ncha moja Mwanza, nyingine Toronto, uvute ukaze. Usiuelekeze, uache utafute njia wenyewe. Utaona unapanda kaskazini-magharibi tangu mwanzo, juu ya Congo, juu ya Sahara, unaiacha Afrika kwenye pwani ya Morocco, unapita karibu na visiwa vya Azores, unafikia kilele chake karibu na Nova Scotia kule mashariki mwa Canada, ndipo unashuka kidogo kuingia Toronto. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Mstari ambao ungeuchora kwa rula kwenye ramani ya ukutani ungepita kusini zaidi, maeneo ya kaskazini ya Cape Verde, na ungekuwa mrefu zaidi.

Ramani ya ukutani inafanya hivyo kwa sababu kitu cha mviringo hakitandazwi kikawa bapa bila kuvutwa mahali fulani, na ramani nyingi za shuleni zinavuta kaskazini. Ndiyo maana Greenland huonekana inakaribiana na Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Mwambie Mama mapema pia, kwa kuwa kwenye kioo cha mbele ya kiti chake ataona kutoka Amsterdam ndege inapanda juu kuelekea upande wa barafu kana kwamba imepotea njia. Haijapotea. Ni uzi ule ule.

Jirani yako naye tusimcheke, kwa sababu wazo lake wamewahi kulifikiria watu wengi. Dunia kweli inazunguka kuelekea mashariki, na hapa karibu na ikweta ardhi inakwenda kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Ingekuwa ndege ikipaa inaachana na mzunguko huo, basi helikopta ingepanda juu ya Capri Point hapo Mwanza mjini, ikatulia hapo kama robo saa, na chini yake lingekuja Ziwa Kivu. Na ndege ya kwenda Dar, ambayo inaelekea mashariki kwa kilomita 850 kwa saa, isingeifikia Dar milele, maana Dar ingekuwa inaikimbia kwa kasi karibu mara mbili. Haitokei, kwa kuwa hewa yote inayoizunguka dunia inazunguka nayo, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Mtoto akirusha chungwa juu katikati ya meli ya Bukoba, linarudi mkononi mwake. Haliangukii ziwani nyuma ya meli.

Ukweli ni kinyume cha alivyosema jirani. Kwenda magharibi ndiko kunakochelewesha, na sababu ni upepo. Juu sana, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, katika maeneo ya Ulaya, Atlantiki ya Kaskazini na Canada, kuna mikondo ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki. Kilomita 150 kwa saa ni kawaida yake, na siku nyingine wakati wa baridi hupita 300. Unatokana na joto la huku kwetu na baridi ya kule nchani: hewa inasafiri kutoka upande wa joto kwenda upande wa baridi, na mzunguko wa dunia unaipinda ikawa inakimbilia mashariki. Kwa maana hiyo dunia kuzunguka kunahusika, ila si kwa namna ya kumpokea mtu. Mama akienda, anapambana na upepo huo usoni, ndiyo maana ni saa nane na dakika kumi. Akirudi unamsukuma mgongoni, na kipande hicho hicho hushuka hadi saa saba hivi. Miaka yangu ya kupanga njia za ndege, swali la kwanza asubuhi lilikuwa upepo umelala wapi leo, kabla hata ya kuuliza kuna abiria wangapi. Siku nyingine ndege inaongezewa kilomita mia mbili ili kuukwepa, na inafika mapema kuliko ile iliyokwenda moja kwa moja.

Basi zile saa karibu tano kati ya 14 za tovuti na 18 na dakika 50 za tiketi zimekwenda wapi? Sehemu kubwa imeliwa na kuzunguka. Mwanza hadi Dar ni kilomita 850. Dar hadi Amsterdam ni 7,350. Amsterdam hadi Toronto ni 5,990. Jumla ni karibu 14,200, yaani 2,200 zaidi ya ule uzi wa kwenye mpira. Na kuna jambo ambalo wengi wetu wa Kanda ya Ziwa hatulitazami: Dar kwa mtu wa Mwanza anayekwenda Toronto iko karibu kabisa upande wa kinyume. Uzi wa Toronto unaelekea kaskazini-magharibi, Dar iko kusini-mashariki. Mama anaianza safari kwa kuipa Toronto mgongo, na akifika Dar atakuwa mbali nayo zaidi kwa kilomita 840 kuliko alivyokuwa asubuhi yake akinywa chai Igoma. Sehemu nyingine imeliwa na kupaa na kutua mara tatu. Muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inapoegeshwa tena, kwa hiyo kuna kujikokota kwenda njia ya kurukia, foleni ya kuruka, kupanda, kushuka, kusubiri zamu. Ni kama nusu saa kila mara, iwe safari fupi au ndefu. Kinachobaki kimeliwa na upepo wa mbele.

Kwa hiyo mnazungushwa, ndiyo, lakini si ili mlipe zaidi. Mara nyingi njia iliyonyooka zaidi ndiyo ghali zaidi.

Njia mbadala zipo. Ya kwanza ni Dar, Addis Ababa, Toronto. Kwa kilomita inatoka karibu sawa kabisa na ya kwenu: 850, kisha 1,760, kisha 11,500, jumla kama 14,100. Faida yake ni kwamba kusubiri kunaweza kuwa kufupi. Lakini kile kipande cha mwisho ni saa 15 na zaidi kwenye kiti kimoja. Halafu Addis iko juu sana, mita 2,300 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege iliyojaa watu na mafuta haiwezi kunyanyuka na uzito wote ambao ingeunyanyua Dar. Kwa miaka mingi ndege ya Addis kwenda Washington ilikuwa ikitua Dublin kuongeza mafuta, wakati ya kurudi ilikuja moja kwa moja. Kwa hiyo ukiona tiketi ya njia hiyo, uliza kama inatua popote katikati. Njia ya pili ni kupitia nchi za Ghuba. Kupitia Doha, kwa mfano, jumla inafika kilomita 15,500, na kipande cha Doha hadi Toronto peke yake ni karibu 10,900. Kwa kijana hiyo siyo shida. Kwa mama wa miaka 67 mwenye miguu inayovimba, mimi ningechagua hii mliyokatiwa: vipande viwili vya saa tisa na saa nane, katikati yake anasimama, anatembea, anakula chakula cha mezani.

Wapo watakaokwambia mpite Entebbe, kwa kuwa iko ng'ambo ya ziwa tu, kilomita 280 kwa anga. Kwa mtu wa Bukoba ni wazo zuri, anavuka Mutukula na hajachoka. Kwa mtu wa Mwanza, hata sasa ambapo daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa tangu Juni 2025 na foleni ya kivuko haipo tena, bado ni kulizunguka ziwa kwa basi na kuvuka mpaka kabla ya safari yenyewe kuanza. Mama asichoshwe hivyo.

Kuna watu watakaoziona zile saa saba na nusu za Dar kuwa hasara, wakushauri umbadilishie Mama ndege ya Mwanza ya jioni. Usikubali. Hizo saa ni bima. Mwanza ina hali yake ya hewa: usiku upepo wa nchi kavu unaelekea ziwani, mawingu ya radi yanajengeka juu ya maji hadi alfajiri, mchana upepo wa ziwa unageuka na kupeleka mvua nchi kavu. Julai ni kiangazi na kwa kawaida kumetulia, lakini ndege inaweza kuchelewa kwa mambo mengine mengi, na ya ndani ikichelewa saa tatu Mama bado anaiwahi ya Ulaya. Asiende kusalimia ndugu Kimara au Mbagala. Foleni ya Dar jioni mnaijua. Abaki uwanjani. Ndege za kimataifa huondokea Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa mwaka 2019. Muulize wakala Mama atashukia jengo gani akitoka Mwanza na atahamaje.

Muulize pia, na hili ni kubwa kuliko mengine yote, kama safari nzima iko kwenye tiketi moja. Ikiwa Mwanza–Dar imekatwa peke yake na Dar–Toronto peke yake, basi ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwenu, na mzigo Mama atauchukua Dar aupeleke mwenyewe kaunta nyingine. Ikiwa ni tiketi moja, ndege ikikosekana ni juu yao kumtafutia nyingine, na kwa kawaida begi linabandikwa lebo Mwanza na kuonekana tena Toronto. Lebo hiyo isomeni kabla hamjaondoka kaunta: herufi za kituo cha mwisho ziwe YYZ, ambazo ndizo za uwanja wa Toronto. Za Mwanza ni MWZ, za Dar ni DAR, za Amsterdam ni AMS. Kama Amsterdam inahitaji kibali chochote cha kupita kwa pasipoti ya Tanzania, uliza shirika lenyewe wiki kadhaa kabla, msitegemee aliyepita mwaka juzi.

Ombeni huduma ya kiti cha magurudumu, hata kama Mama anatembea vizuri. Kwa kawaida hailipiwi, ila inatakiwa iombwe siku mbili au zaidi kabla. Wengi wanaona aibu, wanadhani ni ya wagonjwa. Kwa mtu asiyejua Kiingereza wala Kiholanzi, maana yake ni kwamba kila uwanja kuna mfanyakazi aliyeandikiwa jina lake, anamchukua mlangoni mwa ndege, anampitisha kwenye ukaguzi na kumkabidhi mlango wa ndege nyingine. Uwanja wa Amsterdam ni mkubwa. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine unaweza kutembea nusu saa.

Kuhusu afya, mimi ni mtu wa njia na mafuta, si daktari, kwa hiyo nitakupa yale yanayojulikana kwa wote kisha nikuelekeze kwa wenyewe. Kumvalisha Mama saa ya mkononi iliyoachwa kwenye muda wa Mwanza ni wazo zuri, kwa ajili ya dawa. Dozi ya Jumanne saa mbili usiku itamkuta Dar, hiyo rahisi. Dozi ya Jumatano saa mbili usiku ya nyumbani itamkuta hewani, saa moja na kidogo kabla ya kutua, wakati Toronto ni saa saba mchana. Akisubiri saa mbili usiku ya kule, atakuwa amekaa saa 31 tangu ya mwisho. Aimeze kwa saa ya nyumbani au asubiri, na akishafika aisogeze vipi, hilo ni la daktari wake aliyeandika dawa hiyo, na mwenye kuchoma insulini asithubutu kusafiri bila kuuliza. Dawa zote zikae begi la mkononi zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

Hewa ya ndani ya ndege husukumwa ikawa kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi, yaani kama vile Mama amehamia Njombe kwa siku moja. Mtu wa Mwanza ana nafuu kidogo hapo, kwa sababu ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na mwili wake umezoea. Hewa hiyo ni kavu, kwa hiyo anywe maji mara kwa mara. Achague kiti cha upande wa njia ili asione haya kumsumbua jirani, asimame kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na akiwa amekaa achezeshe vifundo vya miguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kusafiri saa nne au zaidi bila kujongea huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda miguuni. Uwezekano wenyewe ni mdogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000, ila umri na miguu inayovimba ni sababu ya kutosha ya kuuliza.

Kwa hiyo mpelekeni hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando wiki tatu hivi kabla, siyo siku ya kuamkia safari. Waambieni wazi: saa 19 ndani ya ndege, presha, miguu inavimba. Waulizeni kama anahitaji soksi za kubana na kama uvimbe huo ni wa kukaa tu au una chanzo kingine. Ikiwa mguu mmoja unavimba kuliko mwingine, unauma au una joto, au anahema akitembea mwendo mfupi, au amefanyiwa upasuaji karibuni, aonwe kwanza na tiketi isubiri. Shirika linaweza kutaka fomu yake ijazwe na daktari, ulizeni mapema. Na mdogo wako kule ajue kwamba mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana au pumzi ikikatika, hata wiki mbili baada ya kufika, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa maelezo yako, safari hii Mama anaiweza daktari akisharidhika. Siku za kwanza atakuwa anaamka saa tisa au kumi za usiku akidhani kumekucha. Kwenda magharibi mwili huzoea kwa wepesi kuliko kurudi, basi mumwache alale mapema jioni na atoke nje kwenye jua mchana. Ukitaka kumpigia, saa tatu usiku ya Mwanza ni saa nane mchana kule. Akikaa hadi Novemba, Toronto hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi huo na tofauti inakuwa saa nane badala ya saba. Amsterdam hurudisha zake Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kama tiketi ya kurudi iko karibu na tarehe hizo, hesabu upya kila kipande kwa saa ya nyumbani kabla hujamtuma mtu uwanjani kumpokea.